Usukani Alioushika Wifi Justina

Conje, leo kaka Ferdinand kachoka hoi.

Si gari lao lilikuwa linavuta kushoto? Mara ya tatu wiki hii yuko kwa fundi pale Chapwa. Fundi kafunga kamba ubavuni mwa gari apime kama tairi zimenyooka, kamweka wifi Justina ndani ashike usukani unyooke, asiuachie hata nzi akimtua puani.

Mara baba huyo anakuja! Na unajua kwetu mke hakai kitini baba mkwe amesimama.

Wifi kaachia. Kashuka mbio, kauvuta usukani kwa kiwiko, kapiga magoti kwenye oili chafu. "Shikamoo baba."

Kaachia kweli, Conje!

Fundi yuko uvunguni, hajui kitu. Kaona tairi zimepinda, kazinyoosha zifuate kamba, kakaza nati.

Sasa tunampeleka baba kwake Ndalambo. Gari linakwenda mbele, usukani umeelekea Zambia. Kaka mikono inamuuma.

Baba kautazama huo usukani weee, halafu kasema, "Fundi huyo hafai. Ila mkeo ana adabu, mwanangu. Kaacha kila kitu kuniamkia."

Kaka kajibu tu, "Ndiyo, baba."