Salamu Zilizokwama Kwenye Blogu Yako

Kirumba, Mwanza
9 Machi 2025

Mpendwa Dada Dorotea,

Shikamoo dada yangu. Hujambo huko Bergen? Baridi imepungua? Na kile kifua je? Sisi wazima, tunamshukuru Mungu. Mwanangu, yule uliyemwacha akiwa bado tumboni, tumempa jina la marehemu mama, Wilhelmina. Paji la uso ni lako kabisa. Nikimwogesha nakukumbuka mpaka maji yanapoa.

Namba yako haipatikani tangu Krismasi, ndiyo maana barua hii nimempa Sista Janet anayekuja huko masomoni.

Dada, nimefungua tovuti ya kuuzia dagaa wa kuchanganya kwenye uji wa watoto. Nawaosha, nawakausha na kuwasaga mwenyewe. Tovuti alinitengenezea Chenge, rafiki wa mume wangu, mwenye duka la kompyuta Igoma. Lakini ukitafuta Google dagaa wa lishe Mwanza, unawaona watu wote isipokuwa mimi.

Nikasikia ukiacha linki yako kwenye maoni ya blogu za watu, unapanda juu Google. Basi nikapita kila blogu kama tunavyopita sokoni Mwaloni, husemi biashara kabla hujasalimia kila meza. Nikabandika salamu ileile: hamjambo nyote, mimi ni Mama Wilhelmina wa Kirumba, mtoto ameota meno, karibuni dagaa. Blogu za mpira, za magari, hata moja ya matangazo ya misiba.

Chenge alipoona akashika kichwa. "Shemeji, msibani unaingia na beseni la dagaa?"

"Nilitoa pole kwanza!"

Alicheka hadi akakaa chini. Kisha akanielewesha taratibu. Linki nyingi za kwenye maoni zimewekewa alama ya kuiambia Google isizihesabu, na maneno yaleyale ukiyabandika kila mahali yanaonekana takataka, yanafichwa. Yenye uzito ni ile mtu anayoiweka mwenyewe ndani ya makala yake kwa kuwa amekuamini, na makala iwe inahusu kitu chako. Akasema blogu yako ya mapishi ikinitaja mara moja tu, inazidi maoni yangu yote.

Hapo nikaona nimekosea. Maana na kwako nilibandika, dada. Baadaye nikaandika tena bila dagaa wala linki, nikauliza tu uko wapi. Yote mpaka leo yanaonyesha yanasubiri kukubaliwa. Sijui mashine imeyatupa, au umeyaona ukadhani mdogo wako anakutafuta kwa ajili ya biashara. Usinifikirie hivyo, tafadhali.

Mume wangu Mayala anasema nikuombe hiyo makala ya kunitaja. Naitaka kweli, sikufichi. Ila usianze nayo. Nitumie namba yako. Nikupate kwanza wewe, hao Google watanipata baadaye.

Baba anakusalimu sana, magoti yanamsumbua lakini kanisani anafika. Shangazi Evelina wa Nyegezi naye anakuulizia kila tukionana. Wilhelmina ameanza kutamka ma, ma. Mayala anasema ananiita mimi. Mimi namwambia hapana, anamwita mama yake mkubwa.

Mungu akufunike huko uliko na akurudishe kwetu mzima.

Mdogo wako anayekupenda na kukungoja,

Sabina, Mama Wilhelmina