Mwavuli Katika Bustani ya Wafalme

Beijing, mwezi wa tatu

Kwako Dada Sufang,

Salamu nyingi zikufikie huko Harbin, wewe na shemeji na wote mlio chini ya paa moja. Baridi imepungua, au bado mnalala na makoti? Mimi ni mzima kabisa. Nakula, nalala, na majirani wanasema nimeanza kunawiri.

Barua yako nimeipata. Umenionya niache kushinda kwenye bustani ya wafalme, kwamba mjane wa umri wangu mahali pake ni nyumbani na mjukuu, na kwamba nikithubutu kuchukua mwanamume mwingine, nisikanyage kaburini kwa Mama siku ya kufagia makaburi. Najua aliyekupigia simu ni mwanangu Weidong. Niliisoma, nikaikunja, nikaenda zangu bustanini.

Dada, wewe huijui nyumba hii. Tangu Baba Weidong afariki nimelea mjukuu, nimepika, nimefua, na jioni mkwe wangu ananiambia nipunguze sauti ya redio. Kule bustanini hakuna anayeniambia nipunguze kitu. Wafalme walijenga ukuta ule ili sisi akina yakhe tusiingie. Leo wenzangu wanaimba opera kwenye baraza za wafalme hao, wengine wamekuja na ndege wao kwenye vizimba, nami nakaa chini ya misonobari na chupa yangu ya chai, natazama ziwa. Roho inatulia. Kama hilo ni kosa, basi nakosa kila asubuhi.

Sasa nikueleze habari ya mwavuli, maana najua umefikishiwa kinyumenyume. Kuna upande mmoja wa bustani ambako wazazi huwatafutia watoto wao wachumba. Wanafungua miavuli chini, wanabandika sifa za mtoto juu yake, wanangoja wazazi wenzao. Siku hiyo nilikuwa nimenyeshewa, nikafungua wangu ukauke, bila kuangalia nimekaa upande gani. Kufumba na kufumbua wamenizunguka. Mmoja akauliza wangu ni wa kiume au wa kike. Mwingine akataka kujua kazaliwa mwaka wa mnyama gani, na ana nyumba au amepanga. Nikawaambia sina mtoto wa kuoza. Mama mmoja akasema, “Basi umekuja kujinadi mwenyewe, bibi,” wakacheka mpaka wakashikana mabega.

Mzee Geng, fundi bomba mstaafu aliyekuja kumtafutia binti yake mume, hakucheka. Aliniuliza taratibu mimi ni wa mwaka gani. Nikamjibu wa ng'ombe, na ajue ng'ombe anapiga teke. Akasema yeye ni wa panya, amezoea kukwepa.

Weidong alipopata habari kwamba naonana na Mzee Geng alinifokea kwamba nawaaibisha, kwamba yule mzee anatafuta mpishi wa bure. Nikamwambia kupika bure nimeshazoea, hapahapa kwake. Akaingia chumbani.

Dada, kuna jambo sijamwambia yeye wala mtu yeyote. Siku ile ya kwanza ilikuwa bahati tu. Kesho yake halikuanguka hata tone la mvua, nami nilirudi na mwavuli wangu, nikakaa palepale, nikaufungua. Nilikuwa namngoja, naye akaja. Jumatatu iliyopita tulikwenda kuandikisha ndoa. Sikudanganywa, sikurogwa, wala uzee haujanipanda kichwani. Nilimtaka.

Siku ya makaburi nitakuja na mume wangu, na nitafagia kaburi la Mama kama kila mwaka. Mama nilimwosha mimi alipokuwa hawezi hata kujigeuza, wewe ukiwa mbali, na sikukulaumu. Ukitaka kunifukuza, nifukuze palepale mbele yake. Mimi sitaondoka.

Nisalimie shemeji na watoto, uwaambie wana baba mdogo mpya.

Ni mimi, mdogo wako wa tumbo moja,

Qiao Suzhen, mke wa Geng