Paka wa Nyanya na Paa la Nyasi

Baba Kendi mpendwa,

Habari za Ruiri? Goti lako bado linakusumbua, au hatimaye umekubali kuacha kubeba majani ya ng'ombe mgongoni kama kijana? Na mvua je, imefika? Mara ya mwisho kwenye simu ulisema sauti yangu imepungua. Ni kweli. Nilikuwa na jambo ambalo sikutaka kukuambia kabla sijajua mwisho wake. Sasa naujua, na nimelala usingizi mzuri, kwa hivyo kaa chini usome.

Katika makao haya ya wazee ninamofanya kazi kuna mzee aliyekuwa mwalimu wa historia. Wiki mbili zilizopita, wakati wa chai, mvua ilipiga madirisha mpaka ikabidi tupaze sauti. Akasema kunanyesha paka na mbwa. Ndivyo Waingereza wanavyosema mvua ikiwa kubwa mno. Kisha akawafundisha wenzake chanzo chake: zamani maskini waliishi katika nyumba za nyasi, paka na mbwa wakilala juu ya paa, na mvua ikizidi waliteleza wakaanguka.

Unanijua. Angesema habari za wafalme wao ningenyamaza. Lakini nyumba ya nyasi? Niliweka birika chini. Nikamwambia nimelelewa na nyanya yangu chini ya nyasi, na kwamba hadithi hiyo ilitungwa na mtu aliyezaliwa chini ya vigae. Mvua ikianza, paka wa nyanya alikuwa wa kwanza kufika mafigani, na mbwa yuko chini ya ghala la mahindi. Mnyama gani mwenye akili angebaki juu alowe? Nikaongeza kwamba watu hupenda kuwacheka maskini wa zamani kwa kuwa hawawezi kujibu.

Mzee akaomba arudishwe chumbani kwake. Chai hakuimaliza.

Kesho yake nikaambiwa msimamizi ataniona Ijumaa. Baba Kendi, miezi yangu ya majaribio haijaisha, na kibali changu cha kuishi huku kinategemea kazi hii. Siku zote hizo nilisikia maneno yako ya uwanja wa ndege: "Huo mdomo utakurudisha kabla hujafungua sanduku."

Siku yangu ya mapumziko nilienda maktaba, angalau nifukuzwe nikiwa na ushahidi. Vitabu vinasema hakuna anayejua chanzo kwa hakika. Wengine wanadhani ni mitaro ya miji ya kale, iliyofurika ikasomba mizoga ya paka na mbwa barabarani. Hiyo naweza kuiamini.

Ijumaa msimamizi akaniambia mzee ameleta ombi: anataka mimi ndiye nimhudumie kila asubuhi. Eti tangu ahamie pale watu wote humwitikia kama mtoto, na mimi ni wa kwanza kumbishia kama mtu mzima. Nililia palepale ofisini. Mimi, ninayejulikana Ruiri nzima kwa mdomo mkali.

Nilipompelekea chai nikamweleza habari ya mitaro. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Hiyo pia sijaridhika nayo." Sasa tunabishana kila siku, na chakula anamaliza.

Nisalimie Kendi wetu, mama yako, na dada yako wa kule Maua. Ukipita kwa mama yangu, muulize yule paka wa nyanya aliitwa nani. Mzee aliniuliza jina lake, nikakosa la kusema, na tangu siku hiyo anatembea kama mshindi. Fanya haraka.

Ni mimi wako, mdomo bado ninao na kazi bado ninayo,
Mama Kendi