Majani ya Mama Juu ya Moto

Mujukuu wangu Furaha,

Hapa Wamaza tuko wazima. Mama yako mudogo amejifungua mutoto mwanamuke, na anakusalimia sana.

Unauliza ufanye nini majani ya miti yasiharibike mu vitabu unavyoshona kwa mukono huko Bukavu. Mama yangu alikuwa na kitabu cha namna hiyo. Hakujua kuandika. Alishona vipande vya gome la muti, na kila mutoto akizaliwa, alimushonea humo jani la muti uliosimama pale kitovu chake kilipozikwa. Langu lilikuwa la muchungwa. Kitabu kilining'inia jikoni juu ya moto, cheusi kwa masizi. Jioni alikishusha, na kila mutu aligusa jani lake na mikono yenye mafuta ya mawese.

Baba alipojenga nyumba ya mabati, akasema, "Kitabu cha watoto wangu hakiwezi kukaushwa sawa samaki." Akakifunga mu kitambaa cheupe, akakifungia mu sanduku. Wote tulifurahi, tukaona ni heshima. Hakuna aliyekigusa tena. Mama alipokufa tulifungua sanduku, tukakuta wadudu wamekula kila kitu. Mu kitambaa ulibaki unga tu.

Kumbe ni moshi uliokuwa unakilinda, na mikono yetu. Nikikumbuka ule unga, roho inaniuma mpaka leo.

Kitabu chako ukikimaliza, usiniletee nikuwekee. Wape watoto wakichafue.

Kitovu cha mutoto wetu tumekizika chini ya muti wa avoka. Jani lake liko ndani ya barua hii. Usishangae likinuka moshi.

Koko yako