Sweta la Mama Mkwe

Shangazi yangu,

Sisi wazima, na gauni lako nimeshalipinda.

Miezi minne sikuona siku zangu, tumbo likajaa, mama mkwe akatangaza kwamba nina mimba. Nami nikaamini. Wiki iliyopita daktari alinionyesha picha: hakuna mtoto, ni vifuko vidogo vimejaa kwenye ovari. Ndiyo maana hata ndevu zinaniota, nazing'oa kwa kile kibanio changu cha kuvutia nyuzi. Dawa zitatuliza tu, haziponyi.

Nilirudi nyumbani nimejipanga kusema. Nikamkuta mama mkwe anafuma sweta, dogo kama kiganja.

"Njoo unishikie uzi, mwanangu."

Nikaushika. Kila jioni naushika, Shangazi, na sweta limebakiza mkono mmoja tu likamilike.

Mwanao,
fundi wako wa nguo