Wimbo Uliokatwa Sikio

Mashimoni, Kibera
Jumatatu asubuhi

Kwako Baba yangu Kyalo,

Nakusalimu kwa heshima, na nakuomba kabla hujasoma mstari mwingine utazame bahasha vizuri. Niliifunga kwa gundi, halafu juu ya gundi nikabandika karatasi ya peremende. Kama karatasi hiyo imechanika, jua Musyoka amekutangulia. Nampenda ndugu yangu, lakini kwa sasa yumo kati ya watu ninaowashuku. Ndiyo maana sikupiga simu. Simu yako hushikwa na yeye, na akishika simu yeye huwa anajibu hata yasiyomhusu.

Goti lako linaendeleaje? Mvua ilinyesha, au mawingu yalipita tu yakaenda kwa wenye bahati? Yule mbuzi mweusi alizaa? Mimi ni mzima, nakula na nalala, ingawa kulala kwenyewe siku hizi ni kugeukageuka tu. Barua hii anakuletea Mama Syombua, mwenye kibanda cha maji hapa kwetu, anayekuja Kitui kwa harusi ya mpwa wake. Nimemwambia akukabidhi wewe mwenyewe, mkono kwa mkono.

Baba, najua hujawahi kuipenda kazi yangu. Niliposema naimba country, muziki wa wachunga ng'ombe wa Marekani, ulicheka ukauliza kama nimeajiriwa kuchunga ng'ombe wa wazungu. Lakini kazi imekua. Siku hizi sifui nguo za watu kila siku. Kila Jumapili mchana, watu wakishatoka kanisani, mimi na mpiga gitaa wangu Wafula tunaimba mtaa wa Kawangware 46, kwenye sehemu ya nyama choma ya Mzee Njoroge. Huyo Njoroge ana ploti nyingi kule, ni mtu wa kule tangu enzi za babu yake, na anapenda country kuliko anavyopenda wapangaji wake. Ana kofia kubwa ya ngozi ambayo haivui hata akiomba kabla ya kula. Mwanzoni wateja walinicheka, Mkamba na buti za cowboy. Siku hizi wananiita wakitaka nyimbo zangu mwenyewe, nilizozitunga kwa mkono wangu.

Wimbo wanaoupenda zaidi ni ule wa "Chimba Kidogo". Unaukumbuka. Niliuimba uani Krismasi, nikiwa nimekaa juu ya kinu, na wewe hukusema neno. Uliinuka ukaenda kuangalia mbuzi ambao hawakuwa wamepotea. Niliumia sana, Baba. Nilikuwa nimeutunga juu ya Mwaitu, mama yetu, alivyokuwa akitupeleka kwenye mto mkavu tuchimbe mchanga hadi maji yatokee.

*Chimba kidogo, mwanangu, chimba tena,
mto haujafa, umejificha tu.*

Na katikati niliweka salamu, "Namsalimu Ndanu wa Kyalo, mchota maji wa mchangani." Niliiweka kwa sababu ni wewe uliyenifundisha, wakati ungali unapiga gitaa kwenye harusi na Mwaitu akiimba. Ulisema wimbo usiotaja mtu wala kwao ni kama mbuzi ambaye hajakatwa sikio kuwa alama ya mwenyewe, akipotea usimlilie. Siku niliyoondoka nyumbani nilimwachia Musyoka wimbo huo kwenye simu, nikamwambia akuchezee siku utakayokuwa umetulia.

Sasa sikiliza yaliyonipata.

Mzee Njoroge aliniita baada ya Pasaka akasema atanisimamia nirekodi, kisha tuzindue wimbo palepale kwake, watu waalikwe. Nilimtazama machoni. Mwenye nyumba wa Nairobi akikutendea wema, unahesabu vidole vyako baada ya kusalimiana naye. Nikauliza yeye anataka nini. Akasema, "Mimi nataka wimbo safi, basi. Lakini hiyo maneno ya kusalimia watu utoe. Country haina salamu. Mtu wa Eldoret akisikia atauliza, huyu Ndanu ni nani?"

Nikasema ni mama yangu.

"Sasa si mama yako anajua anaitwa Ndanu? Toa."

Baba, nilitoa. Nilijiambia Mwaitu yuko kaburini, hatasikia. Tukarekodi ya majaribio, wimbo ukaenda laini kama uji wa mgonjwa, na kila mtu akapiga makofi isipokuwa Wafula. Wafula alifunga gitaa lake kimya kimya. Hapo ndipo nilipoanza kumtilia shaka. Alikuwa na tabia mpya ya kutoka nje kila simu yake ikilia na kuongea kwa kunong'ona, akigeukia ukuta. Na Njoroge naye, nikajiuliza, kwa nini atake jina litoke? Mbuzi bila alama ni wa yeyote mwenye kamba.

Wiki mbili zilizopita nilikuwa kwenye foleni ya maji. Mama Syombua huwa anacheza nyimbo kwenye simu yake huku mitungi ikijaa. Nikasikia wimbo wangu. Sio unaofanana na wangu, ni wangu kabisa, unaimbwa na mwanamume. Nikaachia mtungi ukaanguka.

"Aki Mwikali, utavunjia watu mitungi!" akasema Mama Syombua. "Ama na wewe umeupenda? Ni wa kwetu huu. Umeingia kwa group ya watu wa Kitui, kila mtu anautuma."

"Nani anaimba?"

"Mzee fulani tu. Hakuna mtu anamjua jina. Lakini skiza hapo, skiza anavyosalimia!"

Na mimi mwenyewe nikasikia, "Namsalimu Ndanu wa Kyalo." Mtu alikuwa ameiba wimbo wangu pamoja na mama yangu.

Nilikwenda moja kwa moja Soweto West anakoishi Wafula. Nilimkuta anaanika nguo. Sikumsalimu. Nilimwambia watu wanaojua ile salamu Nairobi hii ni wawili, yeye na Njoroge, na Njoroge ndiye aliyeikataa.

"Yaani Mwikali, mimi ndio unanishuku? Mimi?" akasema. "Si tumekuwa tukiimba hiyo salamu mbele ya watu kila Sunday kabla mzee hajaitoa? Ni siri gani hiyo?"

"Na simu za kunong'ona?"

"Ni dem wangu! Anataka nimpeleke kwa wazee Bungoma na mimi sijajipanga. Ulitaka niongee hayo mbele ya nyama za watu?" Akachukua beseni lake. "Mzee alipotoa jina la mamako mimi nilinyamaza, nikidhani utakataa. Hukukataa. Sasa unanitafutia makosa mimi. Enda, Mwikali."

Jumapili hiyo hakuja. Niliimba na mpiga kinanda wa kanisa ambaye alifanya kila wimbo uwe wa mazishi. Njoroge alinitazama akiwa chini ya kofia yake, na nilipomaliza akaniita pembeni. Wateja wa Kitui walikuwa wameshamchezea ule wimbo wa mzee.

"Hii nyimbo iko na mwenyewe," akasema. "Kuna mzee anaiimba, na ati hata mtu wake ametajwa ndani. Mimi nilikuambia toa jina, nikidhani ni lako la kutoa. Wewe ni mwimbaji ama ni mwizi?"

Nikaapa. Akasema kiapo hakirekodiwi. Akasema hatazindua mali ya wizi mbele ya majirani zake, na kwamba nimletee mwenye wimbo aseme kwa mdomo wake mwenyewe, au mambo yaishe na nitafute pengine pa kuimbia. Mpaka mwisho wa mwezi, Baba. Niliyemshuku wizi ndiye sasa ananishuku mimi. Nilirudi nyumbani kwa miguu nikilia, buti zikinibana, na watoto wa njiani wakiniita cowboy.

Nikabaki na Musyoka. Nikasema ni yeye tu, ameuuza wimbo kwa mtu, maana yeye ndiye aliyekuwa nao. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Nilikuwa tayari kupanda gari nije nimshike shati. Kabla sijapanda nikamwomba Mama Syombua anitumie wimbo wenyewe, nipate ushahidi. Nikafunga mlango, nikaweka simu sikioni, nikausikiliza bila kelele za mitungi.

Ile sauti siijui. Ni nzito, inakwaruza, inashuka pale ninapopanda. Lakini safari hii nilisikiliza gitaa. Kila mwisho wa mstari mpigaji anaacha mwanya, anagonga tumbo la gitaa kwa ukucha mara mbili, kisha anaendelea. Wimbo wenyewe hauna mwanya hapo. Mimi sikuuweka. Nikaurudia tena na tena.

Baba, mwanya huo naujua. Ulikuwa wa Mwaitu. Kifua chake hakikuwa kizuri, na wewe ulikuwa ukimwachia nafasi avute pumzi, ukigonga gitaa ili watu wa harusi wadhani ndivyo wimbo ulivyo. Mimi nilikuwa nimekaa miguuni pako nikiona macho yako yakimwangalia mpaka amalize kuvuta. Hakuna mwingine duniani anayepiga hivyo. Sauti sikuitambua kwa sababu tangu nizaliwe sijawahi kukusikia ukiimba. Mwaitu aliimba, wewe ulipiga, na alipofariki ukatuambia gitaa umemuuzia mwalimu.

Kwa hiyo naandika kukuuliza, na unijibu ukweli. Gitaa lilikuwa wapi muda wote huu? Juu ya dari? Nani alikurekodi, kama si Musyoka? Ulikuwa umekaa wapi, kitandani upande wake, au kule mtoni? Kwa nini ulinyamaza Krismasi, kisha ukaenda kuuimba mgongoni pangu? Nina hasira nawe, Baba, sitaficha. Ulipoinuka ukaenda kwa mbuzi niliamini umeudharau wimbo wangu na kazi yangu yote. Ningejua, nisingelitoa lile jina hata Njoroge angenipa ploti. Wewe ndiye uliyelirudisha mahali pake, na ndiwe niliyekuita mwizi.

Wafula nilimwendea jana. Nilimpelekea chapati na ombi la msamaha. Alizipokea chapati kwanza. Njoroge bado sijamwambia mwenye wimbo ni nani, kwa sababu sikutaka kukutaja kabla ya kusikia neno lako. Mimi nimezoea kushuku kabla ya kuuliza, nawe umezoea kunyamaza. Nimechoka nayo.

Nisalimie shangazi, dada yako, na umwambie dawa yake ya kikohozi namnunulia. Msalimie nyanya mzaa mama, umwambie kwa sauti maana hasikii. Mjomba mwenye kinu cha kusaga, na jirani yetu aliyemwosha Mwaitu siku ile, uwape salamu zangu. Musyoka usimsalimie bado. Mwulize kwanza, halafu ndiyo umsalimie.

Njoo Nairobi, Baba, kabla mwezi haujaisha. Mama Syombua anarudi Jumamosi, panda naye. Njoo na gitaa, lile ulilosema uliliuza. Nataka Njoroge akuone, avue hiyo kofia, na wimbo urekodiwe upya na jina likiwa ndani. Wewe utapiga, mimi nitaimba. Wala usiufunge ule mwanya. Uache vilevile, gonga mara mbili, unitazame. Hapo nitavuta pumzi mimi.

Ni mimi binti yako,
Mwikali wa Ndanu