Mama Brayo na Gauni Lake la Kijani

Auntie Nafula,

Nakuandikia nikiwa nimesimama. Karatasi nimeiweka juu ya friji, na kila mistari miwili naenda dirishani halafu narudi. Ungekuwepo ungesema, "Wewe kiherehere, keti chini." Siwezi. Tangu tukuzike kule kwenu Bungoma sijaketi mahali nikatulia, na wiki hii ndiyo imezidi.

Chumba chetu cha kazi pale Adams Arcade bado kipo. Saluni ya chini bado inapiga nyimbo za injili kutwa nzima, nami bado nahariri filamu nikiwa nimevaa hedifoni na leso juu yake. Kiti chako sijakikalia. Nimekiwekea mkoba wa kamera, nisikione kitupu.

Sasa habari yenyewe. Wale wafadhili wa Parklands, tuliowaandikia ukiwa ungali mzima, walijibu. Waliniita, wakanipa chai na pole, na pole yao ilikuwa ya kweli. Wameipenda filamu yetu ya akina mama wa mjengo, wale wa vibarua vya ujenzi. Walikuwa tayari kulipia kila kitu kilichobaki, sauti, rangi, hadi maonyesho. Nilikaribia kupiga vigelegele mle mle ofisini. Kisha yule dada anayesimamia miradi akasema kuna jambo dogo tu. Mahojiano ya Mama Brayo yarudiwe. Eti watu wanaochanga pesa wakimwona na gauni la kijani na hereni, kwenye kochi lenye vitambaa, hawataamini kwamba huyo ndiye anayebeba kokoto. Avae nguo za kazi.

Nilikukasirikia wewe, Auntie. Si wewe ndiye uliyemwacha avae? Siku ile kwake, kule mtaa wa Satellite, mwanga ulikuwa unaingia mlangoni vizuri ajabu, na Mama Brayo akaomba dakika moja tu abadilishe. Dakika moja! Akaoga kabisa, akapaka mafuta, akaazima hereni kwa jirani. Mwanga ukaisha. Mimi nazunguka uani kama kuku anayetafuta pa kutagia, wewe umekunja nne unakunywa chai yake. Ukaniambia, "Wacha avae. Watu watakuja kumwangalia, na wewe unataka aende hivo?"

Kutoka Parklands nilikwenda kwake moja kwa moja. Nilitumaini atakataa, anitoe kwenye shida. Hakukataa. "Mi nitavaa tu, bora hii kitu iishe, Nafula apumzike." Akavaa suruali ya marehemu mumewe na shati lililoganda saruji, akafunga kitambaa kichwani. Nikawasha kamera. Kwenye kochi hakutaka kuketi, asichafue vitambaa vyake. Akachukua ndoo, akaifudikiza karibu na mlango, akaketi hapo. Na sauti yake ikabadilika, Auntie. Akawa ananijibu kama anavyomjibu msimamizi wa mjengo: ndiyo, hapana, sawa. Yule mama aliyetuchekesha hadi ukaomba tusimamishe kamera, hakuwepo. Alikuwa mgeni ndani ya nyumba yake mwenyewe. Nikazima. Nilitaka kulia, nikaishia kukunja nyaya ovyo ovyo, vile ulivyokuwa ukinigombeza nisifanye.

Juzi niliwaandikia wafadhili kwamba nashukuru sana, lakini Mama Brayo atabaki na gauni lake. Tangu nitume sijalala vizuri. Sijui ni ujasiri au ni ujinga. Filamu hii ikiozea ndani ya kompyuta, ni mimi nitakayekuwa nimeiua, na wewe hupo wa kunitetea. Naogopa. Nakukosa mpaka naona hasira.

Nikafanya kitu ambacho ungekicheka. Unayajua yale makundi ya simu ya kuchangia mazishi, na jinsi watu wanavyotoka mkishazika tu, huyu ametoka, yule ametoka, hata mchanga haujakauka. Lako lilikuwa bado na watu, wengi walisahau. Nikaandika humo: "Auntie tulimzika. Filamu yake bado." Weee! Ndipo wakakumbuka kutoka. Binamu yako wa Kitale alikuwa wa kwanza. Nilitazama simu nikitamani kuitupa chini.

Halafu Mama Brayo akatuma mchango wake, na maneno haya: "Hii ni ya filamu. Na hizo picha za ndoo ufute." Baada yake wakaja wenzake wa mjengo, halafu msusi wa saluni ya chini. Hazitoshi, Auntie. Hazikaribii hata kutosha. Lakini fundi wa sauti amekubali kuanza na hicho kilichopo, na picha za ndoo nimezifuta.

Sasa lala, Auntie yangu. Usihangaike, wa kuhangaika nipo. Nakuahidi tutatundika shuka kwenye ukumbi wa kanisa kule Satellite, na Mama Brayo ataiona filamu kabla ya mfadhili yeyote, kama ulivyowafanyia siku zote wale tunaowarekodi. Kwenye maonyesho yetu mimi husimama mlangoni, tayari kukimbia watu wakicheka mahali pasipofaa. Siku hiyo nitavaa gauni. Nitakwenda mbele kabisa, kando yake, na nitaketi hadi jina lako lipite kwenye shuka.

Kiherehere wako,
Achieng'